Mji na sheferi wakigombana, nani awasuluhishe?

Sisi tunaoandika habari za Butembo na Beni tunaijua simu moja inayolia karibu kila mwezi. Mtu anapiga kutoka pembeni ya mji, sauti iko juu, anauliza: "Mwandishi, tulishalipa kwa watu wa sheferi, na sasa watu wa mji wamefika. Tumtii nani?" Ukimuuliza anakaa wapi, anakutajia kilima. Hataji kata wala kijiji, kwa sababu jina la kata ni la mji na jina la kijiji ni la sheferi, naye hataki kuonekana amechagua upande.

Wasomaji wapenzi, leo nataka tuliangalie swali la watu hawa kwa utulivu. Sitasema kilima gani ni cha nani. Hiyo si kazi ya mwandishi wa habari, na hata wenye ramani hawajaimaliza. Ninachouliza ni hiki: serikali mbili za hapa chini zikigombana, zikae wapi, mbele ya nani, na kwa muda wa siku ngapi? Na mwananchi aishi vipi wakati zinagombana?

Tulivyopangwa

Kwanza tuelewane juu ya majina. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kwamba mji, komini, sekta na sheferi ni mamlaka zinazojiongoza zenyewe. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikafafanua: kila moja ina bajeti yake na kodi zake, na inatakiwa kuwa na baraza lake. Wilaya, gurupema, kata na kijiji ni ngazi za utawala tu, hazina haki hiyo. Kwa hiyo mwami wa sheferi hayuko chini ya meya, na meya hayuko chini ya mwami. Hakuna anayeweza kumwamuru mwenzake. Aliye juu yao wote wawili ni liwali wa jimbo, ambaye sheria hiyo imempa kazi ya kuwasimamia.

Sasa tazama tulivyokaa. Mji wa Butembo una komini nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Unazungukwa na sheferi ya Baswagha, iliyo ya wilaya ya Lubero, na sheferi ya Bashu, iliyo ya wilaya ya Beni. Yaani mji mmoja una majirani wa wilaya mbili. Mji wa Beni nao una komini nne: Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori, na jirani yake mkubwa ni sekta ya Beni-Mbau. Mbele kidogo ziko komini za vijijini: Oicha na Mangina zilizotoka ndani ya Beni-Mbau, Bulongo na Lume zilizotoka ndani ya sekta ya Ruwenzori, na Kyondo iliyotoka ndani ya Bashu.

Mipaka hii haikuzaliwa siku moja. Sheferi na sekta zilipangwa na Wabelgiji, hasa kwa amri ya tarehe 5 Desemba 1933. Mpaka wa siku zile ulifuata mto, bonde na mlima, lakini zaidi ya hayo ulifuata watu: nani anampelekea mwenye ardhi mbuzi wake. Mji ulipopewa hadhi yake ulikuja na mpaka wa karatasi. Halafu mji ukakua. Shamba la mihogo likakatwa parseli, parseli zikauzwa, nyumba za matofali zikapanda kilima kimoja hadi kingine bila kuuliza karatasi inasema nini. Mwaka 2013, tarehe 13 Juni, amri ya Waziri Mkuu ikazipa senta nyingi za Kivu ya Kaskazini hadhi ya mji au ya komini. Utekelezaji ulisimama, ukaanza tena, na hapa kwetu senta zikaanza kupata maburugumesta wao.

Kila senta iliyogeuka komini iliondoka na soko lake, na soko ndilo sanduku la pesa. Sheria ya 2008 iliahidi kwamba mamlaka hizi zingepata asilimia 40 ya fungu la mapato ya taifa linalokwenda kwa jimbo. Ongea na kiongozi yeyote wa hapa, atakuambia kwamba pesa hizo haziji kama zilivyoandikwa. Basi mji, komini, sekta na sheferi wanaishi kwa jetoni za soko, kwa kodi ndogondogo na kwa karatasi za parseli. Ukimpokonya mwenzako kilima chenye soko, umempokonya mishahara ya makarani wake. Ndiyo maana ugomvi wa mpaka ni mkali hata pale ambapo kilima chenyewe ni majani matupu: watu wanaona soko litakalokuja kesho.

Gunia moja, jetoni mbili

Shangazi yangu anauza maharagwe na viazi. Siku moja ya soko aliteremka na kijana wa chukudu aliyebeba magunia matatu. Kijijini alikuta kamba imefungwa barabarani, akalipa, akapewa jetoni yenye muhuri. Kabla ya kuingia sokoni alikuta kamba nyingine na muhuri mwingine. Alionyesha jetoni ya kwanza. Wakamjibu kwamba waliompa hawana haki pale, arudi akawadai pesa zake. Shangazi hakuwa na pesa ya pili kabla ya kuuza, basi gunia moja likabaki chini ya meza yao mpaka jioni. Hakutukanwa, hakupigwa. Alipoteza faida ya siku, na kijana wa chukudu alimdai nyongeza kwa kumngojesha.

Ofisi hizo mbili sizitaji hapa, kwa sababu jambo hili si la ofisi mbili tu. Lakini nawaomba mwone kitu kimoja. Kwenye njia ile ile aliyopita shangazi kuna daraja la magogo. Kila msimu wa mvua magogo yanaoza, na kila mwaka vijana wa kilimani wanakata mengine kwa salongo. Nilipouliza upande mmoja kwa nini hawajengi daraja, waliniambia: "Pale si kwetu, ni kwa wale." Nilipouliza upande wa pili, nilipata jibu hilo hilo, neno kwa neno. Kodi ina wenyewe wawili. Daraja halina mwenyewe hata mmoja.

Mama anayekwenda kuandikisha mtoto, kijana anayetaka cheti cha makazi, mwenye nyumba anayetaka karatasi ya parseli yake, wote wanakutana na hali hiyo hiyo. Parseli ndiyo mbaya zaidi. Mtu wa kwanza ananunua kwa shefu wa kijiji na kupewa karatasi. Mtu wa pili ananunua kwa njia ya mji na kupewa karatasi nyingine. Wote wawili ni wakweli, wote wawili wametoa dola zao, na siku ya kupiga msingi wanakutana na mapanga mkononi. Hapo mnasikia kwenye redio kwamba "raia wamegombana". Kabla ya raia kugombana, karatasi zilikuwa zimegombana.

Barua inapokwenda

Tunamalizaje mambo haya leo? Kwa kawaida anayeona ameonewa anaandika barua kwa liwali, na nakala kwa Waziri wa Mambo ya Ndani huko Kinshasa. Tume inaundwa, inashuka kwenye kilima, inapiga picha, inawasikiliza wazee, inaandika ripoti. Ripoti inapanda. Watu wanangoja. Meya anabadilishwa, msimamizi wa wilaya anabadilishwa, na anayekuja anaanza upya kuuliza kilima kiko wapi.

Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi. Serikali ya jimbo na bunge la jimbo vilisimamishwa, na miji yetu ikapewa mameya kutoka polisi. Mabaraza ya mji na ya komini, ambayo sheria ya 2008 iliyaandika, sisi hatujayachagua bado: uchaguzi wa madiwani wa komini wa Desemba 2023 ulifanyika tu katika miji mikuu ya majimbo. Kwa hiyo meya wetu anatoka mbali, anakaa muda, anaondoka. Mwami yeye anakaa mpaka kufa. Wakigombana, mmoja ana haraka na mwingine ana subira, na mapatano hayapatikani kwa namna hiyo. Meya anataka kumaliza kabla ya kuhamishwa, mwami anajua kwamba akinyamaza miaka miwili mtu huyu ataondoka.

Njia ya mahakama ipo, na haki ya kwenda huko isiondolewe kwa mtu. Lakini hakimu anaulizwa swali moja: karatasi ipi ni halali? Akijibu, mmoja anashinda na mwingine anashindwa. Hakimu haulizwi jinsi ya kugawana ushuru wa soko la Jumatano, wala nani anunue misumari ya daraja.

Somo la miti ya mikaratusi

Katika desturi ya Wanande kuna kyaghanda, mahali pa kukutania penye moto katikati, ambapo wazee wanasikiliza. Jina hilo liko hai mpaka leo katika Kyaghanda Yira, shirika la jamii yetu. Nikiwa kijana nilikaa pembeni ya moto wa namna hiyo, babu zangu wadogo wawili waligombania kilima chenye miti ya mikaratusi. Kila mmoja alikuja na mashahidi wake juu ya mpaka. Nilidhani mzee ataamua mpaka uko wapi. Hakuugusa. Alisema: miti ni ya aliyeipanda, aivune. Njia ya kwenda kwenye maji haifungwi na mtu yeyote. Ardhi yenyewe tutaiuliza baadaye, na mwenye kuvuna miti asiseme kesho kwamba kwa kuvuna alipewa ardhi.

Swali la ardhi liliendelea miaka mingi. Lakini tangu usiku ule hakuna aliyekosa maji, na hakuna mti uliochomwa moto kwa hasira. Mzee alikuwa ametenganisha mambo matatu ambayo sisi, kwenye mipaka ya mji na sheferi, tunayafunga katika fungu moja: mapato, huduma, na ardhi.

Sisemi turudishe kila kitu kwenye kyaghanda. Usiku ule wanawake hawakuulizwa neno, na ndio waliokuwa wanateka maji. Hakuna kilichoandikwa. Tena Beni na Butembo si za Wanande peke yao. Wako Wambuba, Watalinga, Wapakombe, Wambuti, wako wafanyabiashara kutoka kila upande, wako maelfu ya waliokimbia vita. Na meya aliyetumwa kutoka mbali si mtoto wa mtu yeyote kwenye moto ule. Tunahitaji hekima ile, lakini kwa karatasi, kwa muda uliowekwa, na kwa mlango ulio wazi kwa wote.

Maneno mawili tusiyachanganye

Katika mazungumzo yetu tunasema "usuluhishi" tukiwa na maana mbili. Ya kwanza ni upatanishi. Hapo mtu wa kati hana mamlaka ya kuamua. Anawakalisha, anawasikiliza pamoja na mmoja mmoja, anatafuta wanachoweza kukubali wote, na mapatano yanakuwa yao wenyewe. Wakikataa, anaondoka. Ya pili ni uamuzi wa hiari. Hapo pande mbili zinakubaliana kabla: tunamchagua mtu huyu, au watu hawa watatu, na atakachoamua tutakifuata hata kama hatukipendi. Mpatanishi anafaa pale ambapo majirani wataendelea kuishi pamoja. Mwamuzi anafaa pale ambapo kuna hesabu ya kumaliza: nani alikusanya kiasi gani, nani anamdai nani.

Husemwa kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Butembo na sheferi za jirani hawana zizi jingine. Mihogo ya Bashu na viazi vya Baswagha vinaliwa mjini, na sabuni, mabati na dawa vinatoka mjini kwenda kwao. Ndiyo maana napenda kuanza na mpatanishi, na mwamuzi afuate.

Jirani zetu wa Kenya waliandika jambo hili katika sheria. Katiba yao ya 2010, kifungu cha 189, inasema kwamba serikali zikigombana zifanye kila juhudi ya kumaliza ugomvi, na kwamba sheria iweke njia za mazungumzo, upatanishi na uamuzi wa hiari. Mwaka 2012 wakatunga sheria ya mahusiano kati ya serikali ya taifa na kaunti zao 47. Inataka wagombanao waongee kwanza wenyewe au kupitia mtu wa kati, kwa nia njema. Ikishindikana, upande mmoja unatangaza rasmi kwamba kuna mgogoro, na chombo kilichopelekewa kinatakiwa kuwaitisha mkutanoni ndani ya siku 21. Njia hizo zote zikishindikana, ndipo waende kwa mwamuzi au mahakamani.

Siwasifu Wakenya kupita kiasi. Kaunti za Kisumu na Vihiga zimevutana juu ya Maseno. Makueni na Taita Taveta wamevutana juu ya Mtito Andei, na Taita Taveta na Kwale juu ya Mackinnon Road, na kule barabarani kilio kilikuwa kile kile cha kwetu: nani akusanye ushuru wa magari na maduka. Sheria haikumaliza mipaka hiyo, kwa sababu Kenya pia mpaka wa kaunti haubadilishwi na mpatanishi. Unahitaji tume huru na kura kubwa bungeni. Lakini tofauti ninayoiona ni siku zile 21. Mgogoro una tarehe ya kuzaliwa, na mtu fulani analazimika kuitisha kikao. Kwetu mgogoro hauna tarehe. Hakuna siku ambayo mtu anaweza kusema: leo mmechelewa.

Sheria yetu inaruhusu nini

Nimewasikia watu wa ofisi wakisema kwamba mambo ya serikali hayapelekwi kwa mpatanishi. Hiyo si kweli. Kongo iliingia katika OHADA mwaka 2012. Tarehe 23 Novemba 2017, huko Conakry, nchi za OHADA zilipitisha sheria ya pamoja juu ya upatanishi na nyingine iliyofanywa upya juu ya uamuzi wa hiari. Ya kwanza inataja waziwazi migogoro inayohusu mashirika ya umma na hata dola. Ya pili inasema kwamba dola na mamlaka za mitaa zinaweza kuwa upande mbele ya mwamuzi. Kwa hiyo mji na sheferi wakiandikiana mkataba juu ya soko, wanaweza kuweka ndani yake kifungu cha mpatanishi na kifungu cha mwamuzi.

Kitu ambacho hawawezi kukifanya ni kuhamisha mpaka. Mpaka wa mji uliwekwa na amri ya serikali ya Kinshasa, na amri kama hiyo tu ndiyo inayoweza kuubadilisha. Watu wengi wanaposikia hivyo wanavunjika moyo, wanasema basi tungojee Kinshasa. Mimi nasema kinyume chake. Kwa kuwa mpaka hauwezi kuamuliwa hapa, tuutoe mezani, na tuyamalize yale yanayoweza kuamuliwa hapa. Yule mzee wa mikaratusi alifanya hivyo hivyo.

Mkataba wenyewe ungekuwa na nini? Usizidi kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza useme: katika vilima hivi vilivyotajwa, mpaka bado una ubishi, na hakuna neno la mkataba huu litakalotumiwa na upande wowote kama ushahidi wa mpaka. Ukurasa wa pili useme: mwananchi analipa mara moja tu, kwa jetoni moja yenye mihuri miwili, pesa zinaingia kwenye akaunti moja ya benki inayohitaji sahihi mbili, na zinagawanywa kwa sehemu zilizokubaliwa, sehemu ya kwanza ikiwa ya njia, daraja na choo cha soko lenyewe. Karatasi mpya za parseli zisitolewe na upande wowote bila mwingine kuweka sahihi. Ukurasa wa tatu umtaje mpatanishi kwa jina, muda wa kumwita, na mwamuzi wa hesabu endapo mmoja atasema amepunjwa. Liwali aupitishe kwa amri yake, ili meya mpya akifika akute amri inayomfunga, asikute urafiki wa aliyemtangulia. Na hesabu ya kila mwezi ibandikwe kwenye mti wa sokoni, kwa Kiswahili na Kinande.

Nilipomweleza mzee mmoja wa sheferi mawazo haya, alitikisa kichwa. "Mwanangu, anayetia sahihi kugawana na wewe nusu ya shamba lako, amekubali kwamba nusu si yako." Namheshimu mzee yule, na hofu yake si ya bure. Sheferi zimeona senta zao zikikatwa moja baada ya nyingine, bila kuulizwa vizuri. Ndiyo maana ukurasa wa kwanza ndio wa kwanza. Karani mmoja wa upande wa mji naye aliniambia jambo lake: "Sisi ndio tunaosafisha uchafu wa wote wanaokuja sokoni, kwa nini tugawane?" Naye ana haki ya kusikilizwa, na sehemu za mgawanyo si lazima ziwe nusu kwa nusu. Kazi ya mpatanishi ni kuzipata sehemu hizo. Maneno ya watu hawa wawili ndiyo ya kuanzia kikao cha kwanza. Mpaka sasa kila mmoja ameyaambia redio, hajamwambia mwenzake.

Wakati wa vita tuzungumze jetoni?

Wengine wataniuliza: watu wanachinjwa Beni tangu Oktoba 2014, Goma imechukuliwa, na wewe unaandika juu ya jetoni na daraja? Nimelifikiria swali hilo sana. Jibu langu ni kwamba pale ambapo hakuna anayejua kiongozi wa kilima ni nani, hakuna pia anayeandika daftari la wakaaji, hakuna anayejua mgeni aliyelala kwa jirani jana, na hakuna anayemjulisha mwenzake. Shefu wa kata anadhani ni kazi ya shefu wa kijiji, na shefu wa kijiji anadhani ni ya mwenzake. Waliokimbia vita wanapofika, orodha zao zinaandikwa mara mbili au haziandikwi kabisa. Wakati wa Ebola, kuanzia Mangina mnamo Agosti 2018, tulijifunza kwa machozi kwamba ugonjwa haungojei mpaka uamuliwe. Waliofanya kazi ya afya walifuata maeneo ya afya, ambayo ramani yake si ile ya mji na sheferi, na kazi ikafanyika pande zote mbili. Kwa hiyo tunaweza kufanya kazi pamoja juu ya ardhi yenye ubishi. Tulishafanya, tulipolazimishwa na kifo.

Na kuna jambo moja la siku hizi. Tangu mapema 2025, baada ya Goma kuanguka, ofisi za jimbo zinafanya kazi kutoka Beni. Hatukuliomba, na limetuletea huzuni nyingi. Lakini barua ya meya wa Butembo au ya mwami wa Bashu sasa inasafiri kilomita 54 tu mpaka mezani kwa liwali. Pande mbili zinaweza kuitwa asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Kisingizio cha umbali kimekwisha.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa viongozi wetu, kwa heshima. Bwana liwali atoe agizo fupi: mji, komini, sekta au sheferi ikitangaza kwa maandishi kwamba ina mgogoro na jirani, kikao kiitishwe ndani ya siku 21, chini ya mpatanishi ambaye pande zote mbili zimemkubali, na wanawake wa soko wawe na viti vyao. Na tangu siku barua inapopokelewa mpaka kikao kinapomalizika, jetoni ya kwanza aliyolipa mwananchi itambuliwe na wote wawili.

Kwenu ninyi mnaonipigia simu kutoka vilimani, nawaomba kazi ndogo. Anayekuja kutoza, mwombeni kwa upole jetoni yenye muhuri na tarehe. Mkipata jetoni mbili za siku moja, za gunia moja, zipigeni picha kwa simu na kuzitunza mahali pakavu. Andikeni nyuma yake jina la soko na kiasi mlicholipa. Siku mji na sheferi watakapokaa, mpatanishi ataomba ushahidi wa hasara, na hakuna ofisi yenye ushahidi huo. Mnao ninyi.